Uliyefiwa na ndugu ungali mdogo, ulirithi nini chake? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, riwaya ya mwaka 1988. Msimuliaji ni Tambu, binti wa kijijini enzi za Rhodesia, na sentensi ya kwanza tu anatamka kwamba kaka yake alipokufa yeye hakusikitika. Nilikifunga kwanza.

Ukiendelea unaelewa. Nhamo, kaka mtu, ndiye aliyechukuliwa na baba mkubwa akasome misheni. Tambu alikosa ada, akalima mahindi yake auze ajilipie, kaka akawa anayaiba anawagawia wenzake. Mwaka 1968 Nhamo anafia hukohuko misheni kwa matubwitubwi. Nyumbani hakuna mvulana mwingine wa kusomeshwa, basi nafasi inamwangukia Tambu.

Kwenye misiba yetu mtoto aliyebaki haulizwi. Pole zote za wazazi. Yeye anaambiwa "usilie, utamtonesha mama", anapelekwa kwa jirani akacheze. Matanga yakishaanuliwa, vitu vya marehemu vinamshukia yeye: kitanda, sare, zamu ya kuchota maji, hadi matumaini ya baba. Nyie mlirithi nini?

Dada wa Tanga
Tranka. Kaka alifariki likizo ya kidato cha pili, mwaka uliofuata nikachaguliwa mimi. Hela ya kununua jingine haikuwepo, baba akatafuta kopo la rangi ya bluu afute jina la kaka kwenye mfuniko. Alipiga mkono mmoja tu, rangi ikaisha. Ukiliangalia kwa ubavu, penye mwanga, herufi zote zinasomeka. Bwenini wakaniuliza huyu nani, nikawaambia fundi aliyelitengeneza. Mpaka namaliza kidato cha nne hakuna aliyejua.

Mdau
Mada nzito asubuhi yote hii. Ila huyo Tambu hapana. Damu ni damu, utakosaje kusikitika?

Mleta mada
Mkuu, kitabu hakifichi uchungu wa mtu. Mama yao anamlipukia baba mkubwa kwamba alianza kumchukua mwanawe ulimi, sasa amemchukua na uhai, maana Nhamo akirudi likizo alijifanya Kishona kimempotea. Tambu naye alishaibiwa mahindi ya ada. Mimi namwelewa. Machozi hayaji kwa kuamriwa.

Jamaa wa Mombasa
Mimi nilirithi ukubwa. Marehemu alikuwa kifungua mimba. Siku ya arobaini, hitima imekwisha, sinia za pilau bado ziko mkekani, ami akaniita mbele ya wazee: "Sasa wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii." Nipo darasa la sita, sijabaleghe! Toka siku hiyo nikikosea kidogo, "ndugu yako hangefanya hivyo". Jamani, huyo ndugu yangu alivyokuwa hai alichapwa kuliko sisi sote tukijumlishwa. Alivyofariki akawa malaika, na mimi ndiye wa kupimwa naye.

Dada wa Tanga
😂😂 Marehemu hakosei. Kwetu hata madaftari yake yalikuwa yakitolewa wageni waone mwandiko.

Mdau wa Shinyanga
Mimi ni Doto. Kulwa alikufa kwa surua hatujaanza shule, sura yake siikumbuki, naambiwa nijiangalie kwenye kioo. Shida ni jina. Kila nikijitambulisha, kazini, benki, hata konda wa daladala: "Kulwa yuko wapi?" Zamani nilikuwa naeleza, mtu anaishiwa maneno, inabidi mimi ndiye nimpe pole. Siku hizi nasema yuko Mwanza.

Mleta mada
Pole sana, ndugu. Na wakitaka namba yake ya simu?

Mdau wa Shinyanga
Nawapa yangu.