Nina homa ya ini B, sasa nimekutwa na kisukari. Naombeni ushauri kuhusu saratani ya ini

BabaLatifa
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa manesi na madaktari mliomo humu.

Naishi Mbagala, nina miaka 46. Zamani kidogo nilienda kumchangia damu shemeji yangu, majibu yakatoka nina homa ya ini B. Baada ya miezi sita nikapimwa tena, bado ipo, nikaambiwa ni sugu. Daktari alisema virusi ni vichache na ini liko vizuri, dawa sihitaji, ila nihudhurie kliniki, na nimekuwa nahudhuria. Sasa nimekutwa na sukari, nimeanzishiwa metformini. Daktari wa sukari alipoliona faili langu akasema hayo mawili yakikutana hatari ya saratani ya ini inapanda, akaniandikia ultrasaundi ya ini, na niirudie kila miezi sita.

Usingizi sipati. Kaka yetu mkubwa alifariki kwa ini, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Je, ni kweli sukari inahusiana na saratani ya ini? Na ultrasaundi zote hizo za nini wakati siumwi popote? Mama Latifa anasema wanatafuta hela tu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Pole sana kaka. Ni kweli. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kisukari huongeza hatari ya saratani ya ini karibu mara mbili hadi tatu, na mwenye homa ya ini sugu huanza tayari akiwa juu kuliko wengine. Haina maana kwamba utaugua. Wengi hawaugui.

Sukari ya ukubwani mara nyingi huja pamoja na mafuta kwenye ini. Mafuta yale yanaliunguza ini taratibu, linaota makovu. Virusi navyo vinafanya hivyohivyo upande wao. Tena virusi vya B hujipachika kwenye vinasaba vya seli za ini, ndiyo maana saratani inaweza kuja hata kabla ini halijawa na makovu mengi. Kwa hiyo usisubiri uone dalili.

Na umwambie mama Latifa kwamba ini lenyewe kwa ndani halisikii maumivu. Linauma pale uvimbe unapokuwa mkubwa hadi kuvuta ngozi yake ya nje, na hapo upasuaji huwa mgumu. Ultrasaundi ya miezi sita inatafuta uvimbe ungali mdogo, wa sentimita moja au mbili, ambao bado unaweza kutolewa.

Mti_Shamba
Mkuu, chemsha mlonge na manjano, kunywa asubuhi na jioni, hizo dawa za hospitali ndizo zinazoua ini.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Ndugu yangu, hapana, tafadhali. Nimewapokea wodini watu walioacha dawa wakashika chupa za miti, wanaletwa wameshakuwa wa njano. Metformini haiharibu ini ambalo bado linafanya kazi vizuri. BabaLatifa, usiiache.

Mfamasia_Temeke
Naongezea jambo ambalo naona limepitwa. Ile kauli ya "dawa huhitaji" ilikuwa ya wakati ule, kabla ya sukari. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake: mwenye homa ya ini B sugu ambaye ana kisukari, au kwenye familia yake kuna aliyepata saratani ya ini au ini kusinyaa, anastahili kufikiriwa dawa hata kama virusi ni vichache. Wewe sukari unayo, na kaka yako inawezekana alikuwa na tatizo hilohilo. Mweleze daktari habari za kaka yako waziwazi, usingoje aulize.

Dawa yenyewe mara nyingi ni tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku. Hutumika pia kwa wenye VVU, kwa hiyo usishtuke ukiiona, na utapimwa VVU kabla ya kuanza. Watakupima na figo, kwa sababu sukari na dawa hiyo zote zinagusa figo. Ukishaanza, usiiache mwenyewe, virusi vinaweza kurudi kwa kishindo. Wadogo zako wote wakapime. Mama Latifa naye apime, na akiwa hana, achanjwe dozi tatu.

Bi_Mwanahawa
Mwanangu pole. Nyumbani kwetu sukari tunayo watu watatu, tulikuwa tunatumia mashine moja na kisindano kilekile cha kutobolea kidole. Nesi wa kliniki alitukemea sana. Virusi vya B hukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, hata kwenye tone la damu usiloliona. Mashine yako iwe yako peke yako, visindano vitupwe. Wembe na mswaki vilevile. Sahani na vikombe havina shida, msitengane.

Halafu angalia unga na karanga. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu ikikutana na virusi vya B hatari ya saratani ya ini inazidi sana. Watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Karanga chungu tema, usimeze. Pombe kama unakunywa, acha kabisa.

BabaLatifa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama Latifa amesoma yote, amekubali kwenda kupima. Ultrasaundi ni Alhamisi. Nile au nisile?

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Usile kwa muda wa saa sita hadi nane kabla ya kipimo, maji kidogo ruksa. Omba uwe wa kwanza asubuhi. Metformini imeze baadaye pamoja na chakula, beba chapati yako mfukoni. Ukianza kutetemeka au kutoka jasho la baridi, waambie palepale.