Tupeane uzoefu: Mpira mpya unaupimaje kabla ya kuuingiza kwenye mechi?

KochaChuno (Mtwara Mjini)

Wakuu wa Kusini, heshima kwenu. Nafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa Chuno, na kuna jambo linaninyima raha tangu Jumamosi. Nimelileta hapa kwa kuwa humu wamo makocha, makipa, walimu wa michezo na mafundi.

Wazazi walichanga, ikapatikana 60,000, tukaenda kununua mpira namba 5. Muuzaji akaudundisha kwenye marumaru za dukani, ukapanda hadi kifuani, tukaridhika, tukalipa. Siku ileile tukauingiza uwanjani. Uwanja wetu upande mmoja ni moramu ngumu, upande wa pili mchanga. Kwenye mchanga mpira ukidondoka unakaa palepale kama embe. Kwenye moramu unaruka juu ya goti la mtu. Hayo tumeyazoea, hata mpira wa zamani unafanya hivyo.

Lililonishinda ni pasi za chini. Nina kiungo mmoja wa kidato cha pili, pasi yake huwa naweza kufumba macho nikajua imefika. Siku hiyo mara inakata kushoto, mara kulia, mara inanyooka. Nikamfokea mbele ya wenzake, nikamtoa nje. Akaenda kukaa chini ya mwembe, hakusema neno.

Jioni, wenzake walipoondoka, nikamwita. Nikaweka mawe mawili hatua moja na nusu mbali, nikamsimamisha hatua ishirini, nikamwambia apige pasi kumi kwa mpira wa zamani na kumi kwa mpya. Wa zamani, tisa zilipita katikati. Mpya, nne. Nikabadilishana naye, nikapiga mwenyewe. Kwa ule mpya nilipitisha tatu.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Wewe ukishika mpira mpya unautazama nini, unaujaribu vipi, na kwa siku ngapi ndipo unasema huu unafaa? Nataka habari ya kilichokutokea wewe mwenyewe.

---

KipaMitwero (Lindi)

Kocha, pole, na hilo jaribio la mawe mawili nimelipenda, nitaliiba.

Mimi nimedaka miaka kumi na moja, viwanja vya vumbi vya Lindi vyote navijua, na uwanja wa Ilulu nimesimama. Kipa anaujua mpira kwa namna nyingine kabisa. Mfungaji anaupenda ukimtii mguuni. Mimi nataka kujua ukiwa hewani utanifanyia nini.

Ilivyonikuta: tulipewa mpira mpya asubuhi ya mechi, laini kama chupa, mishono huioni. Dakika ya kumi na kitu faulo ikapigwa kutoka mbali, wala si shuti kali. Nikaufuata kulia, mikono iko tayari, ukahama kama mita moja hivi mbele ya macho yangu, ukaingia. Wenzangu walidhani nimeteleza. Tangu siku ile mpira haunijii mechini kabla sijaufahamu.

Sababu yake ni hii. Mpira ukipigwa bila kuzunguka, hewa inayoupita pembeni huachana nao mara upande huu, mara ule, ndipo unapoyumba. Mishono na vipele vya juu ndivyo vinavyoishika hewa vizuri, na mpira ukiwa laini mno kuyumba kunakuja kwenye kasi ileile ya kawaida ya mashuti ya mechi. Mtakumbuka Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, makipa walivyoulalamikia ule mpira wa Jabulani. Ule ulikuwa na vipande 8, wakati mpira tuliokua nao wa pembetano na pembesita una vipande 32.

Kwa hiyo mpira mpya nasimama nao golini siku mbili kabla. Nampa mpigaji mmoja mwenye mguu wa uhakika, namwambia akite katikati ya mpira, asiuzungushe. Mashuti kumi goli hili, kumi goli lile. Lazima magoli yote mawili, hasa majira ya kusi, maana upepo wa bahari ukikupigia mgongoni mpira wowote utauona mwema. Nahesabu mara ngapi umenihama. Moja au mbili nauzoea. Ikifika sita au saba, namwambia kocha mapema kwamba leo sitadaka, nitapangua kwa ngumi.

---

MzeeKivinje

Wanangu, mpira ni danadana. Piga hamsini. Ukikutii hamsini, mpira ni mzuri. Sisi tulianza na makaratasi na kamba za katani hapa Kilwa Kivinje, na hakuna aliyetufundisha kupima. Mguu ndio mzani.

---

MwlNewala

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa michezo, upande wangu ni netiboli, lakini naona shida ni zilezile. Mpira wetu nao mzingo wake ni sentimita 69 hadi 71 na uzito gramu 400 hadi 450, karibu sawa na wenu.

Mzee wangu wa Kivinje, kwa heshima, netiboli haina danadana, kwa hiyo ilibidi tutafute njia nyingine.

La kwanza nililojifunza ni baridi. Newala tuko juu, asubuhi ukungu unakaa hadi saa tatu. Mwaka wangu wa kwanza niliujaza mpira mpya upepo saa saba mchana, juani, ukawa mzuri. Nikaufungia stoo. Kesho yake saa moja asubuhi, mazoezi ya UMISETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, umelegea. Wasichana wakasema umetoboka. Nikaurudisha dukani, tukagombana na muuzaji, akauzamisha kwenye maji mbele yangu na hakuna hata povu moja lililopanda. Hewa iliyojazwa kwenye joto ikipoa inapungua nguvu, basi. Siku hizi najaza na kujaribu saa ileile tutakayochezea. Kama mechi ni saa kumi jioni, nauhukumu saa kumi jioni.

La pili ni mikono. Mpira wa netiboli una vinundu vidogo vya kushikia, na vikiwa vipya kila mpira unashikika. Ukweli unauona mikono ikilowa. Kwa hiyo nawakimbiza wasichana mizunguko miwili kwanza, viganja vitoe jasho, wachote vumbi letu jekundu waupakaze, halafu pasi za kifua za kasi. Tuliwahi kununua mpira ambao wiki ya kwanza ulikuwa raha tupu. Wiki ya tatu nikaupitisha kidole gumba, vinundu vimelala kabisa, umekuwa kama sahani iliyopakwa mafuta. Tulikuwa tunauchezea kwenye sakafu ya saruji. Sasa kabla ya kununua natafuta mahali pasipoonekana sana, nasugua mara kadhaa kwa kidole chenye mchanga. Muuzaji akikataa, naondoka.

La tatu ni la wafungaji. Ringi yetu iko mita 3.05 kutoka chini na haina ubao nyuma, hivyo mpira uliojaa kupita kiasi ukigusa chuma unaruka zake. Nawapa wafungaji wawili mitupo thelathini kila mmoja kutoka sehemu ileile, mpira wa zamani na mpya. Nikiona tofauti, napunguza upepo kidogo na kuwarudisha. Mara nyingi tatizo linaishia hapo na mpira nausingizia bure.

---

Msimbati_Ufukweni

Sisi tunachezea ufukweni. Nimejifunza jambo moja tu: baada ya kila jaribio osha kwa maji ya kisima, kausha kivulini. Chumvi ikikaa kwenye mishono, mwezi mmoja uzi unaanza kukatika. Na usiufunge nyuma ya bodaboda juani kutoka mjini hadi kwenu, ukifika umevimba.

---

FundiMasasi

Kocha, mimi nashona viatu na mipira stendi ya Masasi, na mipira ninayoletewa mingi iliharibiwa na mambo matatu: pampu, mvua, na kununuliwa kwa macho.

Tuanze na kujaza. Sindano kavu ukiisukuma kwa nguvu inachana tundu la upepo, halafu mtu analalamika mpira mpya unavuja. Ilowanishe kwanza, mate yanatosha. Ukishajaza, uache usiku mzima. Lakini jua blada iliyomo, yaani mfuko wa mpira wa ndani unaoshika upepo: ya lateksi inapoteza upepo haraka kuliko ya butili hata ikiwa nzima, kwa hiyo kulegea kidogo si lazima iwe tundu.

Kudunda dukani kunadanganya kwa sababu marumaru si uwanja wako. Hata maabara za FIFA huudondosha kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma, na mpira wa daraja la juu unatakiwa kupanda sentimita 135 hadi 155. Ukutani kwangu nimechora mistari ya mkaa kwenye vipimo hivyo. Mteja akileta mpira naudondosha kwenye sakafu ya saruji mara tatu, kila mara sehemu tofauti ya mpira ikiwa chini. Unapanda mara mbili sawa na mara ya tatu chini zaidi? Hapo kuna kasoro ndani. Mstari unanisaidia zaidi kwa kulinganisha mpira na wenyewe kuliko kwa namba.

Mvua: sheria inataka gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Jirani yangu ana mizani ya dukani, ninaazima. Kuna timu ilileta mpira wa gramu 440, wakauchezea kwenye mvua ya masika, ukarudi na gramu 530. Vijana wa miaka 12 walikuwa wanaupiga kichwa. Nilipoufungua, nyuma ya plastiki kulikuwa na kitambaa kilichonyonya maji kama sponji.

Sasa hilo lako la pasi kukata kushoto na kulia. Nadhani mpira wako una upande mzito. Penye tundu la upepo pana uzito wake, na watengenezaji makini huweka uzito mwingine upande wa pili ili visawazike. Wasiofanya hivyo, mpira ukiviringika chini unavutwa upande ule, na kwa kuwa kila pasi unaanza ukiwa umegeuka tofauti, mara unakwenda kushoto, mara kulia. Ndiyo maana umeona hauna mpangilio.

Fanya hivi. Chukua beseni pana, lijaze maji, weka mpira uelee. Subiri utulie, weka alama ya kalamu juu kabisa. Ugeuze alama iwe pembeni, uachie. Rudia mara tano. Ukigeuka taratibu sana au ukatulia popote, huo ni wa kawaida. Ukigeuka upesi na alama ikarudi juu kila mara, chini yake ndiko kuzito.

---

MzeeKivinje

Fundi, hilo la beseni sijawahi kulisikia. Danadana mpira uko hewani muda wote, kweli hautaonyesha unavyoviringika. Hapo nimekuelewa.

---

KipaMitwero (Lindi)

Kocha, na kama una baraza la saruji lililonyooka, uviringishe polepole bila kuupiga, tundu likiwa upande wa kulia. Halafu rudia likiwa kushoto. Polepole ndipo unaonyesha rangi yake, ukiusukuma kwa nguvu utanyooka tu.

---

KochaChuno (Mtwara Mjini)

Nashukuru sana wote. Nimerudi baada ya siku mbili, na nimefanya vyote.

Baraza la saruji, mita kama sita. Tundu likiwa kulia, mpira ulianza umenyooka, ulipokaribia kusimama ukakunja kulia karibu urefu wa mkono wangu. Tundu kushoto, ukakunja kushoto. Mpira wa zamani ulikunja kama upana wa kiganja, tena si kila mara.

Beseni la kufulia la mke wangu. Niliweka alama, nikaugeuza, nikaachia. Haukusubiri hata nihesabu tatu. Ulijipindua kama mtu anayegeuka kitandani, alama ikawa juu, tundu likawa chini majini. Mara tano, tano zote. Mpira wa zamani ulizunguka kidogo ukatulia alama ikiwa pembeni, na mara nyingine mahali pengine.

Upepo ulikaa vizuri usiku mzima, mishono ni mizima, kudunda kwenye saruji hakuna neno. Ndiyo maana dukani hatukuona kitu.

Muuzaji nimeenda kumwonyesha, na beseni nimebeba. Amekubali kubadilisha, na tumekaa naye pale nje ya duka tukaelesha mipira minne kabla ya kuchagua. Wa tatu ndio tuliouchukua.

Yule kijana nilikwenda kwao jana jioni. Nilimweleza mbele ya baba yake kwamba pasi zilikuwa zake na kosa halikuwa lake, nikamwomba radhi. Leo mazoezini nimerudia kumwomba mbele ya wenzake, kwa sababu nilimfokea mbele yao. Nikampa mpira mpya aufungue yeye. Pasi kumi kati ya mawe mawili: nane.