Mipira ya rejeta kwenye ATV ya zamani: nibadilishe mmoja au yote?

Mwendapori
Wakuu, habari za kazi. Nina ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ya 1999, injini ya kupozwa kwa maji, niliyoachiwa na baba mdogo. Mipira yake ya rejeta ni ile ile ya kiwandani. Juzi nimeona ukoko wa kijani umeganda pembeni ya klipu ya mpira wa juu, na kila nikirudi safari chupa ya akiba imepungua upana wa kidole. Taa ya joto haijawahi kuwaka. Mpira mpya wa juu ninao. Ila ile miwili mirefu inayopita chini ya tangi la mafuta, kuifikia lazima nivue plastiki zote za mbele, na boliti zimeshika kutu. Kwa macho naiona mizima. Niweke huu mmoja niendelee, au nifungue yote?

FundiSpana
Mkuu, mpira wa rejeta huanza kufa kwa ndani, nje ukang'aa tu. Injini ikishapoa kabisa, ubinye karibu na klipu, halafu ubinye katikati. Mwishoni ukilegea kuliko katikati, au ukihisi kama mchanga unasagika, ujue umepasuka ndani. Ukiukuta umelowa oili nao ni wa kutupa, oili huuvimbisha. Kwa umri huo mimi ningevua plastiki. Na ule mfupi wenye kona, kati ya pampu ya maji na silinda, usiuruke.

DadaGereji
Huo mfupi ndio ulionitia hasara. Nilibadilisha mirefu nikauacha huo, ukapasuka nikiwa napanda mlima. Kulenti (maji ya kupozea injini) yote ikamwagika na taa haikuwaka, kwa sababu sensa ya joto ilibaki kavu, hakuna maji ya kuipa joto. Silinda hedi ikapinda. Kwa hiyo kaka, taa isikupe moyo.

Wakati wa kutoa, usiung'ang'anie kwa plaizi. Shingo ya rejeta ni alumini laini, ikibonyea umeongeza kazi. Uchane mpira wa zamani kwa urefu, taratibu, wembe usikwaruze chuma, kisha uubandue. Ule unga mweupe shingoni uondoe kwa msasa laini. Mpira mpya uulowanishe kwa kulenti uteleze, usipake grisi. Klipu ikae nyuma ya ule mwinuko wa shingo, si juu yake. Na mtu asikushauri kuweka mpira wa petroli, haukutengenezwa kwa kulenti ya moto.

Mwendapori
Asanteni sana. Nimevua kila kitu, boliti mbili zimekatika. Mpira wa chini, huo niliouita mzima, nilipouchana nimekuta mistari ya nyufa inakwenda kwa urefu, mmoja umebakiza unene wa karatasi. Nimebadilisha yote, na mfupi pia. Sasa nimejaza nusu kulenti nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, imeingia lita 1.5 tu wakati kitabu kinasema 2.1. Nyingine iende wapi?

FundiSpana
Hiyo ni hewa imenaswa ndani, usiiwashe ukaondoka hivyo. Panda na magurudumu ya mbele kwenye kilima kidogo ili mfuniko wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Legeza ile boliti ndogo kwenye nyumba ya thamostati (vali inayofunguka injini ikipata moto) mpaka itoke kulenti bila mapovu, kaza. Kisha, injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, washa, minya mipira kwa mkono na ongeza inaposhuka. Thamostati ikifunguka utaona kiwango kinashuka ghafla. Jaza, funga. Ikishapata moto usiuguse mfuniko hata kidogo, maji yale yana presha.

Mwendapori
Imeingia nusu lita na kidogo. Nimeshakwenda safari tatu, chupa ipo pale pale kwenye alama, na klipu zote nimezikaza tena baada ya safari ya kwanza. Kulenti ya zamani nimeifungia kwenye dumu haraka. Mbwa wangu alishaanza kunusa beseni, na ile kitu ni tamu kwao na ni sumu.