Nimekataliwa malipo ya miguu bapa: nikate rufaa njia gani?

FundiButi: Wakuu, naombeni mwanga. Nilitumikia jeshi la nchi kavu la Marekani miaka 6, fundi wa malori. Buti zangu za mwisho ninazo bado, soli imelika upande wa ndani tu. Dai langu la fidia ya miguu bapa kwa VA, idara ya Marekani ya wanajeshi wastaafu, limekataliwa: eti ilishaandikwa siku nilipopimwa kujiunga. Ni kweli, lakini mbele yake paliandikwa "haina dalili". Maumivu yalianza mwaka wa 2. Barua ya kukataliwa ina miezi 3. Niombe mkaguzi mwandamizi aipitie upya?

SajiniMstaafu: Pole, mdogo wangu. Huko, fomu 20-0996, huongezi hata karatasi moja, anasoma yaleyale. Rekodi za kliniki ya kambini ulizituma zote?

FundiButi: Mbili tu. Zilizobaki ziko kabatini.

SajiniMstaafu: Basi umejijibu. Jaza 20-0995, dai la nyongeza, uzitume. Ukiwahi ndani ya mwaka 1 tangu tarehe ya barua, ukishinda utahesabiwa tangu dai la kwanza.

Na usibishane kama uliingia na nyayo bapa, hapo utashindwa. Hoja yako ni kwamba zimezidi. Hali ya awali ikizidi ukiwa jeshini, sheria huchukulia kuwa jeshi ndilo lililoizidisha, mpaka pawepo ushahidi wa wazi kwamba ingezidi hivyo yenyewe. Hilo "haina dalili" unaloliona mkosi ndilo mtaji wako. Daktari wa miguu alinganishe: ulivyoingia, ulivyotoka, na aandike kwamba uwezekano kuwa jeshi ndilo lililozizidisha ni angalau nusu kwa nusu. Barua ya kwanza ya daktari wangu ilisema "huenda". Haikunisaidia kitu.

DadaWaKikosi: Siku VA watakapokuita kupimwa kwa ajili ya dai, usijikaze, kaka. Mimi niliulizwa naendeleaje, nikajibu sijambo, nashukuru. Ikaandikwa sina maumivu! Adabu ya kwetu iliniponza. Sema unasimama dakika ngapi kabla ya kutafuta kiti. Miguu yote miwili ikiwa bapa kwa wastani, kiwango cha ulemavu wanachokulipia ni asilimia 10, ikiwa kali ni 30, na wanaotafuta ukali hutazama uvimbe baada ya kutembea na sugu za nyayo.

FundiButi: Sugu? Jumapili nimezikwangua zote kwa jiwe.

SajiniMstaafu: Weka jiwe chini mpaka upimwe.