Kuacha kazi ya ualimu UAE: kiinua mgongo, notisi na ile karatasi ya kusaini

Salaam ndugu zangu,

Naombeni ushauri wa wenye uzoefu. Nafundisha shule binafsi Sharjah, mkataba unaisha 31 Agosti na hapo nitakuwa nimetimiza miaka minne, sasa nimepata shule nyingine Abu Dhabi wanataka nianze nao mwaka mpya wa masomo. HR wetu ananiambia kwa mdomo tu, hataki kuandika, kwamba nikiacha mwenyewe kiinua mgongo kinakatwa theluthi, mshahara wa Julai na Agosti nisahau, halafu nisaini kwanza karatasi ya kufuta kibali ndo wakae wapige hesabu zangu. Kuna ukweli hapo? Na benki nina mkopo kidogo umebaki. Nisaidieni kabla sijaandika barua.

Mwalimu wa KG, Sharjah

---

Dada, vuta pumzi kwanza. Huyo HR anakusomea sheria iliyokufa. Habari ya kukatwa theluthi ukijiuzulu ilikuwa kwenye sheria ya 1980, sasa hivi tuko kwenye Sheria ya Shirikisho namba 33 ya 2021, imeanza kutumika tarehe 2 Februari 2022, na humo hakuna tena kukatwa kwa sababu eti umeondoka kwa hiari yako. Ukishatimiza mwaka mmoja kazini kiinua mgongo ni haki yako, siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kuanzia mwaka wa sita ni siku 30, na miezi inayobaki juu ya miaka kamili nayo inalipiwa kwa kadiri yake. Siku ulizokosa kazi bila malipo ndo hazihesabiwi.

Ila sikia, mshahara wa msingi, sio ule wote unaoingia benki. Hapo ndo watu wengi wanapigwa na butwaa. Unaweza ukawa unapokea dirhamu 8,000 lakini kwenye mkataba msingi ni 4,000 na nyingine ni nyumba na usafiri. Basi hesabu inaenda hivi, 4,000 gawa kwa 30, zidisha kwa 21, unapata 2,800 kwa mwaka, miaka yako minne ni 11,200. Mtu aliyepiga kwa 8,000 anakuja kulia kaibiwa kumbe hajaibiwa, ni vile tu alikuja kuujua msingi wake siku ya kuondoka. Fungua app ya MOHRE, yaani wizara ya kazi ya UAE, leo hii uangalie mkataba uliosajiliwa wizarani unasemaje, maana wakati mwingine barua ya ofa uliyotumiwa ukiwa nyumbani na mkataba wa wizarani havifanani.

Julai na Agosti: mkataba ukiisha 31 Agosti na hujaukata kabla, wewe ni mfanyakazi wao mpaka siku hiyo, mshahara unaendelea. Wanachofanya baadhi ya shule ni kukushawishi uandike kwenye barua kwamba siku yako ya mwisho ni siku watoto wanafunga shule, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, ukiandika hivyo umewasamehe mwenyewe miezi miwili. Tarehe ya mwisho kwenye barua yako iwe 31 Agosti, kwa tarakimu na kwa maneno, usiandike "mwisho wa mwaka wa masomo" maana hiyo kila mtu anaitafsiri anavyotaka. (Wenzetu wa shule za mtaala wa Kihindi mwaka wao unaanza Aprili, kwa hiyo msinakili tarehe za huyu dada.)

Sasa jambo kubwa kuliko yote na nataka wote mnaosoma mnielewe. Ile karatasi ya kufuta kibali cha kazi ina maneno kwamba umepokea stahiki zako zote. USISAINI kabla hela haijaingia au hujashika cheki mkononi. Hata kama HR ni rafiki yako, hata akikwambia mfumo unafungwa saa nane, hata akikwambia mwenzako kashasaini. Ukishasaini umetoa ushahidi dhidi yako mwenyewe, halafu kwenda kueleza wizarani kwamba ulisaini lakini hukupokea ni mlima. Wakikushinikiza waambie kwa imeili, kwa adabu tu: nitasaini nikipokea mchanganuo wa hesabu na malipo. Mtu mwenye nia ya kukulipa hiyo sentensi haimuudhi.

Haya yote nazungumzia shule binafsi zilizo chini ya wizara ya kazi. Walimu wa shule za serikali nyie utaratibu wenu ni mwingine.

Mzee wa Fizikia, Dubai

---

Naongezea upande wa benki maana hapo hajapagusa mzee wetu.

Dada yangu huo mkopo ni jambo la kushughulikia KABLA ya barua sio baada. Malipo ya mwisho yakiingia kwenye akaunti inayopokea mshahara na benki ikaona umeachishwa au umeacha, kama una mkopo au kadi ya mkopo kwao wanaweza kuishika hela yote mpaka mmalizane. Wanafanya hivyo kweli, sio tishio, na utakuwa pale na kiinua mgongo chako unakiona kwenye simu tu, huwezi kukitoa hata cha nauli. Nenda tawini ukiwa bado na kazi, chukua barua ya deni lililobaki, na kwa kuwa wewe unahamia mwajiri mwingine hapahapa nchini wapelekee ofa mpya waone mshahara utaendelea kuingia. Wakikubali kuendelea na makato ya kila mwezi, wakuandikie.

Na likizo: siku ambazo hujazichukua zinalipwa ukiondoka, nazo kwa mshahara wa msingi. Lakini walimu msijidanganye hapa, likizo ya kisheria ni siku 30 kwa mwaka na shule nyingi zinakuhesabia ndani ya mapumziko ya kiangazi, kwa hiyo ukiwa umekaa nyumbani Julai nzima kwa malipo usije ukadai tena likizo hiyohiyo. Angalia salio lako kwenye mfumo upige picha.

Shule ikikudai kitu kama deni la nyumba au laptop iliyopotea, wao ndo wakuonyeshe karatasi. Kukudai gharama za kukuajiri, yaani eti walilipia viza yako sasa uwarudishie, hiyo sheria imekataza kumtwika mfanyakazi, na bado shule zinaiandika kwenye mikataba kana kwamba hazijui.

Mhasibu wa Deira

---

Asanteni sana mmenitoa jasho la wasiwasi. Nimeangalia mkataba, notisi ni siku 60. Sasa kuna rafiki yangu kazini ananiambia mambo ya notisi ni kujitafutia maadui, bora nichukue mshahara wa Juni, nisafiri likizo kama kawaida halafu nisirudi, wao watajijua. Mnasemaje?

Mwalimu wa KG

---

Huyo rafiki yako mwambie akanywe maji.

Ukikosa kazini zaidi ya siku saba mfululizo bila sababu inayokubalika, shule ina haki ya kukufukuza bila notisi, na wanaweza kukuripoti wizarani kwamba umetoroka kazi. Ukishapigwa hiyo ripoti hupewi kibali kingine cha kazi kwa mwaka mzima. Sasa hiyo Abu Dhabi unayoiota utaingia na kibali gani? Halafu usipotumikia notisi unatakiwa uwalipe mshahara wa kipindi hicho cha notisi, hata kama hawakupata hasara yoyote. Siku 60 ni mishahara miwili kamili, na hiyo sio ya msingi tu. Weka 11,200 mezani na utoe miezi miwili ya 8,000 uone nani anamdai nani.

Notisi kisheria ni kati ya siku 30 na 90, shule haiwezi kukuandikia miezi mitano. Ya kwako ni 60, kwa hiyo ili iishe 31 Agosti barua iwe imefika kabla Julai haijaanza, na mimi ningeituma mapema zaidi ya hapo, Mei hivi, huku nikitaja tarehe ileile ya mwisho. Kuwahi kutoa taarifa hakukupunguzii kitu ukiwa umeandika tarehe, kuchelewa ndo kuna gharama. Soma pia kama mkataba unasema notisi lazima iangukie ndani ya muhula, shule nyingine wameandika hivyo.

Tuma kwa imeili ya shule, nakala kwa mkuu wa shule na HR, na ujitumie nakala kwenye imeili yako binafsi. Imeili ya kazini wanaifunga siku yoyote wakitaka. Slipu za mshahara, mkataba, barua za kupandishwa, rekodi za mahudhurio, vyote vihamishe sasa hivi ukiwa bado unaingia kwenye mfumo bila kuomba ruhusa.

Barua isiwe ndefu. Usieleze umechokaje wala nani alikuudhi kwenye kikao, hiyo ni ya kutusimulia sisi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Napenda kuwataarifu kwamba sitaongeza mkataba wangu. Natoa notisi ya siku 60 kama mkataba unavyotaka, na siku yangu ya mwisho ya kazi itakuwa 31 Agosti. Naomba mchanganuo wa maandishi wa malipo yangu ya mwisho ukionyesha mshahara, siku za likizo zilizobaki, kiinua mgongo na makato yoyote, pamoja na cheti cha utumishi."

Cheti cha utumishi wanatakiwa kukupa bure ukiomba na hawaruhusiwi kuandika kitu cha kukuharibia. Kiombe mapema, huko mbele utakihitaji.

Mwl. Hesabu, Ajman

---

Na wasipolipa? Maana hapa mnaongea kama vile shule zote zina hofu ya Mungu. Mimi nilikaa nasubiri "wiki ijayo" mpaka nikachoka, shule siitaji.

Baba Mapacha

---

Kaka pole. Mwajiri ana siku 14 tangu mkataba ulipoisha kukulipa kila kitu. Siku ya kumi na tano hupigi tena simu ya kubembeleza, unafungua lalamiko MOHRE, kwenye app au namba 80084. Unaambatanisha mkataba, taarifa ya benki, ile imeili ya notisi. Wizara inajaribu kuwapatanisha kwanza, na tangu Januari 2024 kama dai halizidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe inaweza kutoa uamuzi, ambapo walimu wengi wa kiwango chetu tunaingia. Likizidi hapo na msipoelewana linapelekwa mahakamani, na dai la mfanyakazi lisilozidi 100,000 halina ada ya mahakama. Kwa hiyo mtu akikwambia utatumia hela nyingi kuliko unayodai, anakutisha.

Dai lina muda wake, zamani ilikuwa mwaka mmoja, marekebisho ya 2024 yameongeza ikawa miaka miwili tangu ajira iishe. Baba Mapacha angalia tarehe zako, huenda hujachelewa bado.

Mimi lakini nina neno tofauti kidogo na wenzangu. Msikimbilie lalamiko siku HR anapochelewesha jibu la imeili. Shule zina mmiliki, zina ofisi ya fedha, na mara nyingi anayekukwamisha ni mtu mmoja asiyejua sheria. Tuma imeili moja yenye hesabu yako kamili, 2,800 mara minne, siku za likizo, mshahara wa Agosti, jumla, na useme siku 14 zinaisha tarehe fulani. Hesabu iliyopangwa vizuri inawafanya waelewe kwamba wanashughulika na mtu anayejua, na wengi wanalipa hapo hapo. Lalamiko liwe tayari limeandikwa mfukoni, ila ulitoe siku hizo zikiisha.

Mama wa Al Nahda

---

Nimeelewa. La mwisho jamani, tiketi? Mkataba unasema tiketi ya ndege kila mwaka. Na viza yangu wakishaifuta nina siku ngapi?

Mwalimu wa KG

---

Tiketi ya mwaka kama imeandikwa kwenye mkataba na hukupewa, idai kama sehemu ya malipo yako, iingize kwenye ile hesabu. Tiketi ya kurudishwa nyumbani ni kitu kingine, hiyo mwajiri hawajibiki ukihamia mwajiri mwingine, na wewe unahamia, kwa hiyo usiipiganie hiyo ukachafua hesabu ambayo iko safi.

Viza, siku zako za kukaa baada ya kufutwa zinategemea aina ya ukaazi, zitaandikwa kwenye karatasi ya kufutiwa, isome siku hiyohiyo maana zikiisha faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Waambie shule mpya waanze kushughulikia kibali mara tu cha zamani kikifutwa, na pasipoti yako uwe nayo mwenyewe, shule haina ruhusa kuishikilia hata siku moja eti mpaka ukabidhi funguo za darasa. Kama watoto wako kwenye viza yako, viza zao zinashughulikiwa kabla ya yako, panga siku zako na hilo ndani yake.

Nyumba kama ni ya kwako sio ya shule, usisahau amana ya mwenye nyumba na ile ya umeme na maji. Watu wanahama Sharjah wanaziacha hivihivi kwa haraka ya kufungasha.

Mzee wa Fizikia