MREJESHO: Mama na kemo

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: mama ana saratani ya titi, kapata dripu mbili za kemo (dawa za kuua saratani), nywele hazijanyonyoka wala hatapiki; je, dawa inafanya kazi kweli? Jana nikambana daktari. Kasema nywele na kutapika ni maudhi ya dawa tu, havipimi chochote. Yeye anaupima uvimbe kwa rula kila mzunguko wa kemo, kisha ultrasaundi. Ulikuwa sentimita 6, sasa 4. Ile damu anayotolewa kabla ya kila dripu (nilidhani ndiyo kipimo cha saratani!) ni ya kuangalia chembe nyeupe, kama mwili utahimili dozi nyingine. Mama alishajua kabla yetu: sidiria haimbani tena. Imebaki mizunguko mitatu, halafu upasuaji. Asanteni mlionijibu.