Kusoma slaidi za damu ya mifugo kwa mbali: nianzie kwa mfugaji au kwa daktari mwenzangu?

Vet_Rungwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na kazi.

Mimi ni daktari wa mifugo niliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Nimemaliza shahada ya uzamili SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), upande wa patholojia ya maabara, na sasa niko Rungwe. Huku watu wanafuga ng'ombe wa maziwa bandani, mmoja au wawili, na mvua ikiwa nyingi kupe nao hawaishi. Kinachoniuma ni hiki: ng'ombe akipanda homa anachomwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini kwanza. Asipopata nafuu ndipo buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, inaanza kutafutwa, na kama ilikuwa ndigana hiyo ya kupe tangu mwanzo, unamkuta tayari anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Slaidi moja, yaani kioo chenye sampuli ya mtoki (tezi ya limfu), ingetoa jibu siku ile ile. Hadubini unaweza kuikuta, ila mtu wa kuisoma hayupo.

Nataka nifungue huduma ya kulipia: natumiwa picha ya slaidi kwa simu, nasoma, natoa ripoti. Naomba msaada kwenye mambo matatu. Nijitangaze kwa wafugaji moja kwa moja au kwa wataalamu wenzangu? Nikisema hii ni ndigana, dawa naandika mimi? Na bei mnapangaje?

Dkt_Slaidi_Arusha

Marahaba, Dokta. Kazi hii naifanya, nasoma damu, mitoki na uvimbe kwa ajili ya kliniki na maafisa mifugo walio mbali na mimi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu naitamani iwe na watu wengi zaidi.

Anza na wataalamu. Wafugaji wasubiri. Mfugaji akikutumia picha anakutumia ng'ombe mzima amelala, kisha anataka jina la dawa. Hujampima joto, hujagusa mtoki chini ya sikio, hujasikia mapafu, na dawa ikishindwa jina litakalotajwa kijijini ni lako. Mtaalamu aliyepo bandani ameshayafanya hayo yote, anachokosa ni jicho lako tu. Muuzie hilo jicho.

Hapo swali lako la pili limejijibu. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa huduma awe amesajiliwa au kuorodheshwa, na kila mmoja ana mipaka ya kazi yake. Mimi ripoti yangu inaeleza nilichokiona na kinachoendana nacho, basi. Matibabu anaamua aliyemwona mnyama, na jina lake naliandika juu ya ripoti. Akiniuliza mawazo yangu kuhusu dawa tunazungumza kwa simu kama madaktari wawili, na maamuzi yanabaki kwake.

Sasa sikiliza sehemu ambayo itakula muda wako kuliko kusoma kwenyewe: ubora wa sampuli. Huko kwenu kuna unyevu. Kioo kisipokauka haraka, seli nyekundu zinapata vitundu vinavyong'aa, na msomaji mchanga anaviita Anaplasma (vijidudu vya ndigana baridi). Mashapo ya Giemsa, rangi ya kupaka slaidi, iliyokaa bila kuchujwa nayo yanafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla hujapokea hata shilingi moja kwa mteja mpya, mfundishe kutengeneza slaidi. Damu ya kuchunguza vimelea ichukuliwe kwenye mshipa mdogo wa ncha ya sikio. Tone liwe dogo, lisambazwe kwa mkono mmoja usiositasita mpaka mwisho wake uwe mwembamba kama ulimi. Kipeperushwe hewani, kifunikwe mapema maana nzi wanakula damu ile na kuacha mashimo, kisha kigandishwe kwa methanoli. Jina la ng'ombe liandikwe kwa penseli, kwa sababu wino wa peni unaoshwa na methanoli. Na asikisafirishe kamwe kwenye boksi moja na chupa ya formalini, hata ikiwa imefungwa. Mvuke wake unaharibu upakaji rangi na huwezi kuurudisha.

Picha zipigwe kwa lenzi ya 100 yenye mafuta, kwenye ule ukingo mwembamba, na zitumwe kama faili. Zikitumwa kama picha za kawaida za WhatsApp zinabanwa, na kimelea ndani ya seli nyekundu kinageuka doa tu. Mimi picha zilizobanwa nazirudisha. Mwanzoni walinuna, sasa hakuna anayenitumia hivyo.

Jambo jingine ambalo ndilo thamani yako hasa. Mtu wa maabara anaweza kukuambia "kuna Theileria", yaani jamii ya vimelea vya ndigana kali, "kwenye seli nyekundu". Lakini ng'ombe wengi wa maeneo yenye kupe wanabeba vimelea vichache damuni na ni wazima kabisa, wengine wana Theileria mutans ambayo kwa kawaida haisumbui. Skizonti (kimelea kikiwa katika hatua ya kuzaliana) ndani ya limfosaiti, zile seli nyeupe za mtoki, pamoja na homa na mitoki iliyovimba, ndiyo inayokupa nguvu ya kusema ndigana kali. Na ukiona ng'ombe aliyepungukiwa damu, kinyesi kigumu, ufizi wa njano na mkojo wa kawaida, unatafuta Anaplasma hata kama mtoki umevimba kidogo. Mkojo ukiwa mwekundu unafikiria Babesia, kimelea kingine cha kupe, kwanza. Ndiyo maana sisomi slaidi isiyo na historia: umri, chotara au wa asili, joto la leo, lini aliogeshwa, na dawa gani ameshachomwa. Swali hilo la mwisho usiliache, kwa sababu aliyeshatibiwa anaweza kuonekana safi kwenye kioo.

Na ukikosa kimelea, andika "sijaona katika sehemu nilizotumiwa". Usiandike "hana".

Bei: slaidi moja natoza shilingi 15,000, na kliniki zinazotuma mara kwa mara zinalipa kwa mwezi. Malipo yanatangulia. Ahadi ya muda niliyoitoa ni kujibu ndani ya saa mbili kwa mgonjwa mwenye homa, mchana, na naitimiza hata nikiwa safarini, vinginevyo ningewaambia mapema. Sajili jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN (namba ya mlipakodi), toa risiti. Kliniki kubwa hazifanyi kazi na mtu asiye na risiti.

AfisaMifugo_Kata

Naongezea kwa upande wa anayetuma. Mimi nina stashahada ya LITA (wakala wa mafunzo ya mifugo) Tengeru na nahudumia kata nzima kwa pikipiki.

Dokta, ukinijibu kesho umenisaidia kumbukumbu, hujanisaidia ng'ombe. Nahitaji jibu kabla sijavuka mto kwenda kijiji kingine. La pili, naomba jibu lije kwangu kwa maandishi. Kuna mtaalamu mmoja alinipigia nikiwa bandani, simu iko wazi, akaanza kunikosoa huku mzee mwenye ng'ombe anasikia. Tangu siku ile yule mzee ananiuliza kama nimeshampigia daktari wa mjini kabla sijamgusa ng'ombe wake. Kama nimekosea niambie mimi, nitajirekebisha na nitamweleza mfugaji mwenyewe.

Kuhusu fedha, wafugaji wanalipa wakielewa. Ninawaambia chupa ya dawa ya ndigana kali ni ghali kuliko slaidi, na ukiichoma kwa ugonjwa usio wake umeitupa. Wengi wanakubali palepale.

Daktari_Nakuru

Habari zenu majirani. Hapa Kenya mambo yanafanana. Sheria yetu ya 2011 inataka kila mhudumu awe amesajiliwa na Bodi ya Veterinari, kwa hiyo Dokta wa Rungwe ukianza kupata kazi kutoka huku, hakikisha anayekutumia ni daktari mwenye leseni na ripoti inaenda kwake kama ushauri wa mwenzake. Usimtumie mfugaji wa Nyandarua maagizo ya dawa ukiwa Tanzania.

Mimi nasoma eksirei za mbwa na paka kwa ajili ya kliniki ndogo. Shida yangu ni ile ile ya slaidi: mtu anapiga picha ya filamu dirishani kwa simu na kivuli cha mkono wake kiko juu ya moyo wa mbwa. Wenye mashine za kidijitali nawaomba faili halisi la DICOM, lile linalotoka kwenye mashine yenyewe. Pia nasisitiza pande mbili, ubavu na mgongo, hata kama mteja analalamika gharama. Upande mmoja peke yake unaweza kukuficha uvimbe wa pafu.

Vet_Rungwe

Asanteni sana, nimeyaandika yote. Nitaanza na maafisa mifugo wachache wa hapa na duka moja la dawa lenye hadubini, niwafundishe slaidi kwanza.

Swali moja limebaki. Wiki hii mfugaji alipata namba yangu, akanitumia video: ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani na nyuma, na anauliza kama nyama inafaa kuliwa. Kwenye kesi kama hiyo natoza? Naomba sampuli?

Dkt_Slaidi_Arusha

Hapo usitoze na usisubiri sampuli kutoka kwa mfugaji. Mchukulie kama kimeta mpaka ithibitishwe vingine. Mwambie asimpasue, asimchune, asimguse kwa mikono mitupu, azuie mbwa na watoto. Mzoga ukipasuliwa, bakteria wakipata hewa wanatengeneza mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Waliokwisha kumgusa waende kituo cha afya leo na waseme wamegusa nini. Sampuli itachukuliwa na wenye vifaa vya kujikinga, sikioni, bila kupasua.

Kisha daktari wa mifugo wa wilaya mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mfugaji. Mtajie kijiji, saa ya kifo na idadi ya ng'ombe waliobaki kwenye zizi, ili chanjo ya waliobaki na majirani ianze kutafutwa.